Taa Iliyosimama Majini

Sijawahi kuwa mtu wa kujishusha, na kwa ukubwa huu siwezi kuanza. Zile dakika mbili za mwanzo za filamu ya kutisha iliyotengenezwa Ujiji, zilizowanyamazisha watu waliojaa banda la video saa nane mchana, jua likiwaka nje, taa zake niliziweka mimi. Kamera ilifanya kazi yake, sikatai, na aliyeishika alikuwa fundi kweli kweli. Lakini kamera bila taa ni sanduku tu. Fundi taa nilikuwa mimi, mtoto wa kike, nimechuchumaa ziwani na maji yamenifika kidevuni.

Baba alikuwa fundi wa karabai, kibanda chake kilikuwa hatua chache kutoka mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Kabla ya hapo alivua dagaa na migebuka kwa miaka mingi mpaka mgongo ulipomkatalia. Siku zile dagaa walivuliwa kwa karabai, ile taa ya mafuta unayoipiga pampu mpaka inanguruma na kutoa mwanga mweupe wa kuumiza macho. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaifuati taa, kwa hiyo wavuvi wanakaa nchi kavu na taa zao zinaletwa kwa fundi. Wenzetu walipopumzika, sisi ndio tuliochemka. Kaka zangu waliikimbia harufu ya mafuta ya taa, mmoja Mwanza, mmoja Dar es Salaam, mimi nikabaki na koleo. Mwanzoni wavuvi walicheka, mwanamke anafungua karabai! Walicheka mpaka walipoona taa iliyopita mikononi mwangu inawaka hadi alfajiri, na za mafundi wengine zinakohoa kabla ya usiku kukomaa. Baada ya hapo wakifika kibandani wanauliza kwanza kama binti yupo.

Huko ndiko Kameramani alikonikuta. Simtaji jina kwa sababu jina ni mali ya mwenyewe, na hata sisi tulimwita hivyo hivyo, Kameramani. Alikuwa Mkongomani, amevuka ziwa na mkewe na watoto wawili vita vilipowafikia kwao, wakapangiwa kambi huko juu, upande wa Kasulu. Kabla ya vita alikuwa anapiga video za harusi. Katika vitu vyote ambavyo mtu angeweza kukimbia navyo, yeye alikimbia na kamera, ameizungushia kanga ya mkewe na kuitia kwenye gunia la maharage. Alishuka mjini kwa kibali cha siku kumi na nne, akapiga harusi mbili tatu, kisha akarudi kambini kuomba kibali kingine.

Siku ya kwanza alisimama mlangoni, akazitazama karabai tatu nilizokuwa nazijaribu, akasahau hata kusalimia.

"Dada, mwangaza yako iko muzuri sana," akasema. "Nani alikufundisha?"

"Njaa," nikamjibu.

Akacheka, na tangu siku hiyo tukawa tunakwenda wote kwenye maharusi, kwa sababu umeme wa mjini ulikuwa wa kubahatisha na bibi harusi hasubiri umeme. Nilijifunza mengi katika harusi zile. Karabai ukiisogeza mno, bibi harusi anaonekana kama ametoka kulazwa. Ukiiweka nyuma ya shuka jeupe, mwanga unalainika na kila mtu anapendeza, hata mawifi. Ukiiweka ubavuni, pua inapata kivuli na uso unapata umbo. Baba alisema ninapoteza mafuta. Nikamwambia mafuta ni ya bwana harusi.

Basi kulikuwa na kikundi cha maigizo cha vijana wa mjini, wakaota kutengeneza filamu ya kutisha, kwa sababu ndizo zilizokuwa zinajaza banda la video kuliko hata za ngumi. Walimfuata Kameramani, na Kameramani akanifuata mimi. Lakini kwake hayo hayakuwa mambo ya kuota. Karani wa ofisi ya vibali alikuwa amemwambia kwamba safari hii hakitatoka kibali kingine, labda alete barua ya mtu wa mjini anayesema huyu ni mfanyakazi wangu. Bila barua, anabaki kambini. Na akibaki kambini, kamera haina umeme wala harusi ya kumlipa. Mfanyabiashara mmoja wa Mwandiga alikwishaitazama ile kamera kwa jicho la kununua.

"Ikienda Mwandiga, dada," aliniambia, "mimi nitakuwa mutu wa kupanga foleni ya unga tu." Hakusema kwa kujililia. Alisema kama mtu anayesoma ubao wa matangazo, na nikaumia zaidi.

Mwenye banda la video alikuwa mtu wa maneno machache, tumbo mbele, kofia ya kiua kichwani. Tulimwendea kumwomba ile barua. Akatusikiliza huku akipanga kanda zake.

"Filamu nzima sitaki kuiona," alisema. "Nileteeni mwanzo wake. Ijumaa baada ya swala banda linajaa, nitauweka kati ya filamu mbili. Watu wangu wakinyamaza, barua naandika palepale, na filamu iliyobaki naisimamia. Wakicheka, kila ndege aruke kwa ubawa wake."

"Kwa nini mwanzo tu, mzee?" nikamuuliza.

"Mwanangu, watu wakishacheka mwanzoni, hata umlete shetani mwenyewe baadaye, watamwomba kiberiti."

Alijua kazi yake yule mzee. Sisi ndio hatukujua yetu.

Tuliigiza kwenye nyumba ya zamani ya shangazi yangu, kuta za udongo nene, mlango mzito. Tuliziba madirisha kwa maturubai ya kambini, yale ya plastiki ambayo miaka ile yaliuzwa kila kona, tukatengeneza usiku saa tano asubuhi. Nikazungushia kioo cha taa moja karatasi nyekundu za peremende, niliokota za mtaa mzima. Tukatafuta paka. Mlango ulikuwa haulii, tukautia mchanga kwenye bawaba mpaka ukalia. Kijana mmoja wa kikundi alikuwa ndiye mchawi, nikamwekea karabai chini ya kidevu, mwanga unapanda, macho yanakuwa mashimo, kivuli cha pua kinafika kwenye paji la uso. Kameramani akamkimbilia na kamera mkononi, picha inatetemeka. Tulikuwa tumeona filamu nyingi za nje, na zote zilifanya hivyo. Tulipoangalia kanda, mimi mwenyewe niliogopa kidogo, nikajisifu jioni nzima.

Ijumaa banda likajaa mpaka watu wakakaa chini. Mlango ukalia, paka akapita, kimya kizuri kikaanza kuingia. Kisha ukatokea ule uso wa mchawi umemulikwa kutoka chini. Sauti moja ya mtu mzima, kutoka benchi la wavuvi, ikasema:

"Huyo anangojea dagaa!"

Banda likapasuka. Mwingine akadakia, "Muulizeni kama wamepanda!" Mwingine akasema mchawi anafanana na shemeji yake akiwa kazini. Watu walicheka wakalia machozi, na mchawi wa watu anazidi kukodoa macho kwenye televisheni. Kila alipokodoa walicheka upya.

Nilitoka nje nimewaka hasira, na hasira yote ilikuwa juu yangu mwenyewe. Nani hapa Ujiji hajui uso uliomulikwa kutoka chini? Ni uso wa mvuvi ameinama juu ya taa anatazama kama dagaa wamejaa. Ni uso wa baba yake mtu, wa mjomba, wa mume. Wanawake waliokuwa wakiwapelekea waume zao chakula mwaloni wameuona uso huo tangu utotoni, na maana yake ni kwamba kesho kuna mboga. Mimi, mtoto wa fundi karabai, nilikwenda kuazima hofu ya watu wa mbali ambao hawajawahi kuvua kwa taa, nikaja kuwatishia watu wa nyumbani kwa kitoweo chao.

Mwenye banda alitoka anapangusa macho. "Nawapa Ijumaa moja zaidi," alisema. "Paka wenu kanifurahisha." Kibali cha Kameramani kilikuwa kinaisha Jumatatu ya baada ya Ijumaa hiyo. Alikubali kwa kichwa, akaanza kuifunga kamera ndani ya ile kanga, polepole.

Jumapili yake nilikuwa kibandani. Mwezi ulikuwa mkubwa, taa zimejaa, nimezitundika kumi na moja kwenye boriti ya upenuni kuzijaribu moja moja. Jioni upepo wa ziwani ukaanza na taa zote zikawa zinapepesuka kama kawaida yake. Baba alikuwa anatoka msikitini. Akafika mbele ya kibanda, akainua macho, akasimama. Nikamwona anarudi nyuma hatua moja.

"Ile ina nini?" akauliza.

"Ipi?"

"Ile. Mbona haichezi?"

Nikatazama. Taa moja ya karibu na pembe ndoano yake ilikuwa imekwama kwenye msumari, zote zinacheza, yenyewe imetulia. Nikaichomoa, ikaanza kucheza. Baba akavuta pumzi, akaketi, akacheka kwa aibu. Nikamuuliza kilichomshtua.

"Taa ikiwa majini lazima icheze," alisema. "Hata ziwa likilala, taa inacheza kidogo. Ukiona imesimama, ule mtumbwi umepanda mwamba. Na kama umepanda mwamba na taa bado inawaka na hakuna anayepiga kelele, basi mwanangu, wenyewe hawamo. Niliona mara moja. Ilitosha."

Niliacha koleo palepale, nikaenda kumtafuta Kameramani alikofikia, kwa Mkongomani mwenzake mshona nguo, nyuma ya soko. Nilitembea haraka mpaka ndala ikakatika. Nilimweleza nikiwa bado nahema: hatuhitaji mchawi, hatuhitaji paka. Taa tatu ziwani, mbili zinacheza, moja imesimama. Hakuna mtu wa mwaloni atakayehitaji kuelezwa.

Alifikiri kidogo. "Na ile ya kusimama tunaweka katikati?"

"Katikati, waione vizuri."

"Apana," akasema. "Ukiweka katikati, wewe ndiyo unawaonyesha. Weka pembeni. Acha mutu aitafute yeye mwenyewe. Akiipata yeye, hataachia tena." Hiyo ilikuwa akili yake, nampa haki yake.

Tuligombana kuhusu kamera lakini. Yeye alizoea harusi, na kwenye harusi kamera isiyovutavuta picha karibu na mbali watu wanasema imeharibika. Alitaka kuivuta ile taa taratibu mpaka ijaze televisheni. Nikamwambia akiivuta tu, wataona mkono wa mtu nyuma ya picha, na wakiona mkono wa mtu hofu imekwisha. Kamera isimame kwenye miguu yake mitatu, miguu ifukiwe mchangani, isipumue. Kama kamera nayo inacheza, nani atajua kipi kinacheza na kipi kimesimama? Alibisha nusu saa. Mwisho akasema sawa, ila wakisema imekufa nijibu mimi, si yeye. Nikasema nitajibu.

Jioni ndiyo tuliyohitaji, si usiku. Kamera ile ilikuwa haioni gizani, ingeonyesha vitone vitatu vyeupe na weusi mtupu. Lakini jua likishatumbukia nyuma ya milima ya Kongo, kuna muda mfupi, pengine wa kuchemsha chai, ambapo mbingu bado ina mwanga wa kuchora milima na maji, na taa nazo zimeshaanza kutawala. Mwezi nao ulikuwa umepita usiku wake wa kumi na nne, unachelewa kutoka. Tulikuwa na jioni ya Jumatano na ya Alhamisi, basi.

Nguzo ya mkaratusi ya kutundikia ile taa ya kusimama tuliichimbia mchana, mahali maji yanapofika kifuani. Mitumbwi miwili na wapiga kasia nilikuwa nimeahidiwa na wateja wangu. Walipoiona nguzo na kuelewa taa itakaaje, wakashuka mitumbwini.

"Hapana, dada," mkubwa wao akasema. "Huko ni kuigiza msiba. Msiba ukiuigiza, unakuja kuangalia nani kauita."

Niliwabembeleza, nikawatania, nikawakumbusha taa nilizowatengenezea. Hawakutikisika, na jua linashuka. Ndipo nikamwona baba anakuja na fimbo yake. Sikumwita, alikuwa bado anaiita kazi hii upuuzi. Wakamwamkia wote, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, akatazama nguzo muda mrefu.

"Taa ni ya binti yangu," akawaambia. "Kama kuna mkosi, utafika kwangu. Pandeni." Wakapanda.

Jumatano iliharibika hata hivyo. Nguzo haikuwa imekaa vizuri, wimbi likija inainama, na taa iliyosimama ikawa inacheza kuliko zote. Tukaitazama picha kwenye kidirisha cha kamera, Kameramani akaizima. Alhamisi nilikwenda mwaloni tangu asubuhi, tukaizungushia ile nguzo mawe mimi na baba, jiwe kwa jiwe, yeye akiwa ukingoni ananielekeza na mimi napiga mbizi, mpaka nikaiegemea kwa uzito wangu wote isitikisike.

Jioni nilivaa baibui jeusi, nikaingia majini nyuma ya nguzo, nikachuchumaa mpaka kidevu. Nyuma ya taa nilikuwa nimefunga kipande cha bati, upande wangu ukawa giza, na kutoka ufukweni ule mwanga mkali ulificha kila kitu kilichokuwa nyuma yake. Mkono mmoja ulikuwa kwenye skrubu ya kutolea upepo. Baba alisimama ukingoni kwa mbali, fimbo juu, akasema ananilinda na mamba. Mamba hawakuwapo, lakini nilifurahi alivyosema.

Mitumbwi miwili ikakaa mbali kidogo, taa zao zinapanda na kushuka. Jua likazama. Kameramani akainua mkono, maana yake kanda inazunguka. Nikahesabu polepole mpaka sitini bila kufanya chochote. Ndiyo kazi ngumu kuliko zote, kukaa bila kufanya chochote. Maji yalikuwa ya baridi, meno yanataka kugongana, nikayakataza. Kisha mitumbwi, kama tulivyopatana, ikaanza kuja upande wangu, taratibu, kama watu wanaokwenda kuangalia kuna nini. Nikaanza kufungua skrubu, kidogo, kidogo tena. Karabai haizimiki kama balbu, anayeijua anaweza kuiua kwa hatua: kutoka nyeupe ikaenda njano, kutoka njano ikaenda nyekundu kama kaa la moto, na mitumbwi inazidi kusogea. Ilipobaki kama urefu wa kasia mbili, nikaachia upepo wote. Ikazima. Zile taa mbili zikabaki zinacheza, mahali ambapo hapakuwa na kitu tena.

Nilipotoka majini nilikuwa natetemeka mwili mzima. Kameramani alikuwa ameketi mchangani karibu na kamera. "Mara moja inatosha," akasema.

Ijumaa saa nane nilisimama ukutani ndani ya banda, nje kidogo ya safu za mabenchi, ili nione nyuso. Mwenye banda aliweka kanda. Lilipotokea ziwa watu wakachangamka. "Kwetu hapo!" "Mtumbwi wa nani ule?" Mmoja akaanza kubishana na jirani yake kuhusu kasia. Benchi la wavuvi lilikuwa lilelile, na yule wa dagaa alikuwapo, anatafuna muwa, yuko tayari. Kamera haiendi popote. Hakuna muziki. Mtu akalalamika kwamba kanda imeganda, nikamjibu kwa sauti, "Tazama mawimbi kama yameganda." Watu wakacheka kidogo, na kicheko hicho kilikuwa cha mwisho.

Nilimwona yule wa muwa akiacha kutafuna. Hakuacha ghafla. Taya lilipunguza mwendo, likasimama, macho yakahamia pembeni ya televisheni. Akamgusa jirani yake kwa kiwiko. Jirani akatazama, akamgusa mwingine. Ilitembea hivyo kwenye lile benchi, kisha likafuata la nyuma yake, mpaka jenereta la nje ndilo likawa linasikika peke yake. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni akasema kwa sauti ndogo, "Ya kulia haichezi." Taa ilipoanza kuwa njano watu waliinama mbele. Ilipokuwa nyekundu na mitumbwi inasogea, mzee mmoja wa Kiha akaiambia televisheni, "Msiende! Rudini!" Ikazima.

"Data weee!" mtu akamlilia baba yake kwa Kiha huko nyuma, na nusu ya banda ikasimama. Nilikuwa nimebana mgongo ukutani. Niliwatisha. Watu wazima, wavuvi waliolala na ziwa tangu utotoni, niliwatisha kwa taa moja na nguzo ya mkaratusi, saa nane mchana.

Mwenye banda alizima televisheni kwanza akidhani watatulia, wakamtukania kofia yake wakitaka waonyeshwe kilichofuata. Akasema hakijatengenezwa. Kisha akachana karatasi kwenye daftari, akaiweka juu ya televisheni iliyokuwa bado ya moto, akaandika barua akiwa amesimama.

Jumatatu nilimsindikiza Kameramani kambini kwa basi la alfajiri, kwa karani wa vibali. Karani aliisoma barua, akaisoma tena, akamtazama yeye kisha mimi.

"Ninyi ndio wa ile taa?"

"Ndio sisi," nikasema, kabla Kameramani hajafungua mdomo.

"Nguzo bado iko majini?"

"Bado ipo."

"Mama yangu anakaa Ujiji," akasema. "Hakuiona hiyo filamu yenu, amesimuliwa tu. Tangu Ijumaa hataki kushuka mwaloni, na si yeye peke yake. Nendeni mkaing'oe." Akagonga muhuri. Miezi mitatu.

Tuliporudi tulikwenda kuing'oa jioni ileile, mimi, yeye na baba. Tulitoa mawe kwanza, kisha tukaitikisa mpaka ikalegea, tukaivuta hadi ufukweni, Kameramani ameshika kichwa na baba ameshika mkia. Wavuvi walikuwa wanajiandaa kuingia ziwani, taa zimeanza kuwashwa. Kameramani akasimama na nguzo begani, anazitazama.

"Usiku tulivuka," akasema, "hatukuwa na taa. Tuliogopa watatuona. Mutu wa mtumbwi alipotea, hajui tena Kigoma iko wapi. Watoto wanalia. Kisha tukaona taa mingi, mbali sana, zinacheza. Bibi yangu, mama ya watoto, akasema, hao ni watu, twende kwa watu." Akahamisha nguzo bega jingine. "Tukazifuata mpaka hapa."

Ilikuwa mara ya kwanza kunisimulia. Nilifanya hesabu ya miezi kichwani, nikakumbuka msimu ule na boriti yetu ya upenuni.

"Zile taa nilizitengeneza mimi," nikamwambia.

Sikuwa na hakika na zote. Nyingine zilikuwa za mafundi wengine, na pengine nusu ya zile zetu zilikuwa kazi ya baba. Lakini baba alikuwa palepale, ameshika mkia wa nguzo, amesikia kila neno, na hakunisahihisha.